High Society (1956) nyimbo tamu kweli, lakini ule ugomvi wa The Philadelphia Story umepotelea wapi?

#1 Mzabibu Mkavu

Wakuu habari za usiku. Wa Nkuhungu wenzangu, umeme umerudi, chajini simu kwanza ndipo mje tubishane.

Jumamosi iliyopita nilionyesha filamu mbili uani kwangu. Projekta ni ya mtumba, niliichukua kwa jamaa mmoja pale Majengo, taa yake imeshaanza kuwa rangi ya chai. Skrini ni shuka. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane mnaujua: shuka tulilibana juu kwa bloku mbili na chini kwa vibanio vya nguo, na bado upepo ukipuliza linajaa kama tanga, uso wa mwigizaji unavimba halafu unanywea. Watazamaji walikuwa mke wangu, shemeji yangu anayesoma UDOM, jirani na wanawe wawili, na shangazi yake mke wangu aliyetoka Kondoa kuja kliniki ya macho. Ndiyo, macho ndiyo yaliyomleta mjini, na alikaa mbele kuliko wote.

Tulianza na The Philadelphia Story ya 1940, nyeusi na nyeupe. Kwa ambaye hajaiona: Tracy Lord, binti wa kitajiri, ameachana na mumewe Dexter na sasa anaolewa na mwanaume mwingine, George. Harusi ni kesho, mara mtalaka huyo anajileta, tena kafuatana na mwandishi na mpiga picha wa gazeti la udaku. Katharine Hepburn ndiye Tracy, Cary Grant ndiye Dexter, James Stewart ndiye mwandishi. Mwongozaji George Cukor.

Tukapumzika, chai na karanga, kisha High Society ya 1956. Hadithi ileile, safari hii rangi tele, mambo yamehamishiwa Newport kule Rhode Island, na watu wanaimba. Bing Crosby kachukua nafasi ya Grant, Grace Kelly ya Hepburn, Frank Sinatra ya Stewart. Nyimbo za Cole Porter. Juu ya hapo mpiga tarumbeta wa jazi Louis Armstrong na bendi yake nzima.

Sasa sikilizeni kilichonifungua macho. Shangazi Kiingereza hakimhusu, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani, kama wale wa mabanda ya video tuliokua nao. Filamu ya kwanza ilinikausha koo. Kabla sijamaliza la Hepburn, Grant ameshajibu, na kabla sijaligusa jibu la Grant, yule mpiga picha ametia lake pembeni. Nikawa naruka sentensi, shemeji ananisahihisha, mke wangu anatuambia tunyamaze. Shangazi anacheka kwa kuchelewa sekunde tatu, lakini anacheka mpaka anashika mbavu.

Filamu ya pili nikapata likizo. Wimbo unaanza, shangazi ananigeukia:

"Wanasemaje, mkwe?"

"Wanasema wanapendana, shangazi."

Ukaja mwingine. "Na huyu?"

"Anamwambia mwanamke ni mzuri mno."

Wimbo uliofuata hakuniuliza. Alijijibu mwenyewe, "Wanapendana," akavuta sahani ya karanga.

Hapo ndipo nikajua kwa nini filamu hii huwa inaniacha nusu, ingawa kila kitu ndani yake ni kizuri. Wale wa 1940 wanapendana kwa kugombana. Ukiwanyamazisha, mapenzi nayo yananyamaza. Hata kabla ya neno la kwanza: Dexter anatoka nyumbani na mizigo, Tracy anamfuata na mfuko wa fimbo za gofu, anachomoa moja, anaivunja kwenye goti. Hawajasema kitu na tayari unajua hawa wawili hawajamalizana. High Society imelitupa tukio hilo. Inaanza na basi, Armstrong anaimba.

Msimamo wangu: kama tamasha imefaulu, kama komedi ya mapenzi imefeli. Karibuni, ila njooni na hoja.


#2 Chizi Bando

Mtu yuko kliniki ya macho, wewe unamkalisha mbele ya shuka linalopepea usiku kucha. Mkuu, huna huruma.


#3 Zeze la Babu

Mtoa mada nakuheshimu lakini leo umepotea njia kabla hujafika Bahi.

Unaipima High Society kwa mizani ya filamu nyingine. Mwandishi wake, John Patrick, alijua kabisa hawezi kushindana na maneno ya 1940. Yale yalitoka kwenye tamthilia ya Philip Barry, iliyokuwa imeshachezwa kwenye majukwaa ya Broadway, New York, mwaka 1939 na Hepburn huyohuyo, na filamu ilipotoka aliyeiandika, Donald Ogden Stewart, akachukua Oscar. Ukirudia maneno yaleyale kwa midomo mingine unapata kasuku. Wakafanya la busara: wakampa Dexter kazi ya kutunga muziki, wakaleta jazi halisi ndani ya nyumba.

Na Armstrong hujamwelewa. Yule kwenye basi ndiye manju. Anaanza kwa kalipso, anakusimulia yaliyopita kati ya Dexter na Tracy, anakwambia wimbo umeisha sasa hadithi inaanza, na mwisho ni yeye tena anayekuaga. Katikati anachungulia na kutia neno. Nenda Chamwino siku za tamasha la muziki wa Cigogo uone kama kazi hiyo ni ngeni kwetu. Marehemu Hukwe Zawose alipokuwa anashika ilimba, kile kinanda cha vidole, nani aliuliza "ubishi uko wapi"? Unakaa, unasikiliza vidole.

Tazama tena pale Crosby anapoitambulisha bendi kwa wageni waalikwa, chombo kimoja kimoja. Kila mpigaji anapewa nafasi yake, anajieleza, anarudi kwenye kundi. Dakika chache tu, lakini baada ya hapo umeelewa jazi ni nini bila mwalimu. Sisi huku neno "jazi" tulilipachika kwenye bendi zetu za dansi, Morogoro Jazz, Western Jazz, na muziki wenyewe ukawa ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo ile sehemu mimi naiona kama kutembelewa na babu wa jina.

Jingine: mwezi wa tano 1956, filamu haijaingia majumbani, Armstrong alikuwa Accra anapigia maelfu ya watu, Ghana haijapata uhuru bado. Mtu wa kiwango kile unamuita "juu ya hapo".


#4 Mzabibu Mkavu

Zeze, Armstrong simkatai. Namlilia. Amekaa kwenye filamu nzima kama mpangaji wa uani: anaona kila kinachotendeka nyumba kubwa, haulizwi neno. Ukimwondoa, ndoa inavunjika na kurudi vilevile.


#5 Binti Mpwapwa

Mimi nina kero na filamu zote mbili, na naona wanaume mmeiruka.

Kwanza hilo tukio la gofu mnalolisifia, mtoa mada umelikatisha katikati. Tracy akishavunja fimbo, Dexter anarudi, ananyanyua ngumi, anaghairi, kisha anamkamata usoni na kumsukuma mpaka anaanguka chini kizingitini. Watu wanacheka. Mimi hapo sicheki, na kama High Society imelitoa tukio hilo, kwa hilo moja naipa alama.

Pili baba yake. Huyu mzee amemkimbia mke wake kwa ajili ya mcheza dansi, anarudi siku ya harusi inakaribia, na badala ya kuomba radhi anamgeuzia kibao binti: kwamba angekuwa na binti mwenye upendo asingetafuta msichana wa kumliwaza. Yaani mzee kachepuka, kosa la mtoto! Na Tracy anayameza. Mwaka 1940 anayameza, 1956 anayameza tena. Miaka 16 katikati, wamebadilisha mji, wameongeza rangi, wameongeza tarumbeta, lakini hotuba ya baba wameibeba kama ilivyo. Kama kuna mahali palihitaji wimbo wa kumjibu mtu, ni hapo.


#6 Chizi Bando

Binti Mpwapwa umeongea. Mzee wa namna hiyo kwetu angeitiwa kikao cha ukoo na ng'ombe angetoa.


#7 Kibwebwe

Binti Mpwapwa ameuweka mlango wazi, acha mimi niingie.

Mnabishana kama filamu ingeimba au isingeimba. Kuimba hakuna ubaya. Sisi tuliokulia filamu za Kihindi mtu akikatisha mazungumzo akaenda kuimba mlimani, mara yuko bondeni na nguo nyingine, hatushtuki. Suala ni wimbo umebeba nini.

Mama yangu alikuwa mtu wa taarab hasa. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano ndiyo ligi yenyewe, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule. Wimbo unatoka huku, watu hawalali wanasubiri jibu la kule. Na mliowahi kukaa ukumbini mnajua shughuli haikuwa jukwaani peke yake. Mwanamke ananyanyuka na noti mkononi. Haendi kwa mwimbaji kwa njia fupi. Anazunguka meza, taratibu, mabega yanacheza, mpaka afike mbele ya mbaya wake. Anasubiri ubeti wenyewe. Ubeti ukifika noti inapepea hewani mara mbili, macho yanatazama pengine kabisa, kisha ndiyo anakwenda kutuza. Hakutamka neno. Aliyekaa pale kwenye kiti amesomewa mashtaka na hukumu.

Wimbo una uwezo huo. Unaweza kugombana kuliko maneno ya kawaida, maana maneno ya kawaida yanajibiwa papo hapo, mpasho unalala nao.

Sasa njoo High Society. Kosa la Dexter ni nini humo? Kwamba alikuwa na kipaji cha kutunga muziki wa heshima akachagua kutunga nyimbo za kuchezwa na kila mtu. Tracy aliona aibu. Kwa maneno mengine, muziki ndio uliovunja ndoa! Ndiyo zawadi kubwa anayoweza kupewa mtunzi wa filamu ya nyimbo. Mke anaudharau muziki wa mumewe, mume anarudi na bendi nzima, wanakaa nyumba ya jirani. Hapo mimi nimeshajifunga kibwebwe, nasubiri warushiane. Wapi! Dexter anamwimbia mdogo wake Tracy wimbo wa kumbembeleza. Anaimba akivaa nguo za kwenda kwenye sherehe. Anaimba kwenye kumbukumbu ya fungate. Tracy kumjibu kwa wimbo hata mara moja, hakuna. Grace Kelly kwenye ule wa True Love anaingia mwishoni kumsindikiza mwanaume, sauti nyembamba kama anaogopa kumwamsha mtoto.

Mtoa mada, shangazi yako alishakupa jibu. Uliambiwa utafsiri, ukakuta hakuna shtaka wala utetezi. Ungeshindwa kutafsiri mpasho? Ungetokwa jasho.


#8 Mstaafu wa Kibaigwa

Habari zenu vijana. Nimesoma uzi wote kwa miwani miwili.

Kibwebwe, ushahidi wa hoja yako upo. Kuna Pygmalion, tamthilia ya Bernard Shaw, iliyofanywa filamu Uingereza mwaka 1938, bila nyimbo. Baadaye ikageuzwa tamthilia ya muziki, na mwaka 1964 ikatoka filamu ya My Fair Lady, ikabeba Oscar 8. Humo binti anayefundishwa matamshi anabaki peke yake chumbani na kumwimbia mwalimu wake ambaye hayupo, namna atakavyomkomesha siku yake ikifika. Baadaye kuna kijana anamletea mashairi ya mapenzi, binti anamkatisha kwa wimbo wa hasira: maneno nimeyachoka, nionyeshe. Hizo zote ni nyimbo za kugomba. Sauti si ya Audrey Hepburn, sehemu kubwa aliimbiwa na Marni Nixon, lakini ugomvi ni wake. Kwa hiyo mtu asiseme komedi ikitiwa nyimbo lazima ilegee.

Nyingine ni Ninotchka ya 1939, iliyorudiwa kwa nyimbo mwaka 1957 kwa jina la Silk Stockings. Yule mwanamke mkomunisti mgumu anapolainika, Cyd Charisse hasemi. Yuko peke yake chumbani, anacheza huku akivua soksi nzito na kuvaa za hariri, moja moja, kama mtu anayeficha dhambi. Yale ambayo filamu ya kwanza iliyasema kwa sentensi, hapa mguu umeyasema. Sisemi filamu nzima ni bora. Lakini pale wamelipa deni.

Upande wangu linaloniudhi ni George, yule mchumba. Kwenye ya 1940 ni mtu aliyeanzia chini kabisa mgodini akapanda mpaka umeneja. Huyo ndiye anafanywa bwege, na matajiri wa kuzaliwa ndio wenye akili na utani. Mimi nimefundisha watoto wa wakulima miaka 34. Kila nikiiangalia natamani George apate walau neno moja la maana kabla hawajamfukuza.

Nimalizie na kichekesho. Kwenye uteuzi wa Oscar wa mwaka ule wa High Society, kipengele cha hadithi, walitajwa waandishi wa filamu nyingine kabisa yenye jina hilohilo, komedi ndogo ya 1955. Wenyewe wakaomba waondolewe. Kwa hiyo kukosea jina kwenye orodha ya kamati ya harusi si kwetu tu.


#9 Chizi Bando

Mzee heshima yako. Ila hao kwenye filamu wana chumba kizima cha zawadi na bado mtu anaimba kwamba hataki umilionea. Aje akusanye michango ya harusi hapa Ipagala tuone kama ataimba hivyo.

Halafu jamani, mwenye hizo filamu anipatie kwenye flashi, bando langu halifiki hata nusu ya hiyo ya rangi.


#10 Shemeji Mwenyewe

Mimi ndiye shemeji wa UDOM aliyetajwa hapo juu. Shemeji, shikamoo, lakini kuna mambo umewaficha wana jukwaa.

La kwanza: Crosby alipotokea tu, shangazi alisema, "Baba yake huyu amerudi?" Ukamwambia hapana, ndiye mume wa zamani. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi alifanya vizuri kumwacha." Na hana kosa, Crosby kazaliwa 1903, Grace Kelly 1929. Yule Grant na Hepburn wamepishana miaka mitatu tu. Ndiyo maana ugomvi wao ni wa watu wa rika moja, kila mmoja anajua mwenzake alipoficha kisu. Kwa Crosby unaona mtu mzima mpole anayesubiri mtoto amalize kununa.

La pili ni boti, ambalo nadhani ndilo lenye jibu la uzi huu wote. Kwenye filamu ya 1940 Dexter anamletea Tracy zawadi ya harusi, mfano mdogo wa mashua waliyosafiria fungate, inaitwa True Love. Wanaweka kile kimashua majini kwenye bwawa la kuogelea. Tracy anakitazama kinavyoelea, analitaja neno moja la mabaharia, la kusifia chombo chepesi, kinachosikia usukani. Mchumba wake yupo palepale na haelewi neno hilo maana yake nini. Basi. Hatuonyeshwi fungate, hatuonyeshwi bahari. Tunamwona mwanamke anatazama bwawa. Shemeji hapo ulikwama kutafsiri, ukasema "anasema ni boti nzuri." Shangazi akakukatalia: "Hapana, hasemi boti."

Kwenye High Society kimashua kipo, lakini tunapelekwa mpaka baharini kwenyewe. Jua linazama, Crosby na kinanda cha kuvuta kwa mikono, Kelly amemlalia, wimbo. Kizuri, sikatai. Ila kile alichokuwa anakificha Tracy wa kwanza tumeshaonyeshwa chote, sasa tutamchungulia nini?

La tatu: Hepburn. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema Marekani walimtangaza kuwa miongoni mwa waigizaji sumu kwa biashara. Barry akamtungia hii tamthilia mtu huyohuyo, mwanamke anayeambiwa na kila mtu ashuke kwenye kiti chake cha enzi. Tajiri Howard Hughes akamnunulia Hepburn haki za filamu, kwa hiyo aliyeenda kampuni ya filamu ya MGM kuuza hadithi ni Hepburn mwenyewe. Ukimwona anainamishwa mle ndani kuna kitu chake cha kweli kinauma. Grace Kelly alikuwa katika hali tofauti kabisa. Ile pete ya uchumba anayoivaa kwenye filamu ni yake halisi, kavishwa na Rainier, mtawala wa Monaco. Aprili 1956 akaolewa, hakuigiza filamu nyingine. Huwezi kumwambia mtu ashuke kitini wakati nyumbani wanamwandalia kiti kingine kikubwa zaidi.


#11 Mzabibu Mkavu

Marahaba shemeji. Hayo ya boti tungeyamalizia nyumbani.


#12 Binti Mpwapwa

Shangazi apewe uzi wake mwenyewe.


#13 Zeze la Babu

Nimerudi. Mmenizidi idadi lakini sijalala chini.

Kibwebwe, hoja ya mpasho nimeikubali kwa asilimia kubwa, na imenikera kwamba sikuifikiria mimi. Lakini umeruka wimbo mmoja. Crosby na Sinatra, chumba cha pembeni, sherehe inaendelea nje, wote wameshakunywa shampeni. Mwanaume aliyeachwa na mwanaume anayemmezea mate mwanamke yuleyule. Wanapeana habari za watu, mmoja anatupa, mwingine anadaka, wanakatizana, wanachekeana, na chini yake kila mmoja anampima mwenzake. Tena kuna utani wa ziada: hao ni waimbaji wawili wa vizazi viwili, mmoja mfalme wa zamani, mwingine aliyekuja kumnyang'anya wasichana. Hayo ni majibizano. Hapo filamu inapumua.


#14 Kibwebwe

Zeze, umejifunga goli. Wimbo huo Porter hakuutungia filamu hii. Aliutunga zamani kwa ajili ya tamthilia ya DuBarry Was a Lady, 1939, ndipo ukachukuliwa ukarekebishwa maneno. Kwa hiyo wimbo mmoja wenye ugomvi ndani ya High Society ni wa kuazima, na umri wake ni sawasawa na tamthilia ya Barry. Halafu angalia wanaoimba: wanaume wawili. Mwanamke mwenye kesi yuko nje anacheza na wageni.

Na kwenye ile ya zamani mahali hapohapo kuna nini? Stewart kalewa, ana kwikwi, kaja nyumbani kwa Grant usiku wa manane. Hakuna wimbo, na mimi nimecheka zaidi. Stewart alichukua Oscar yake kwa kazi hiyo.


#15 Zeze la Babu

Goli la kujifunga nimelikubali, lakini mpira bado dakika zipo. True Love uliteuliwa kuwania Oscar ya wimbo bora, ukashindwa na Que Sera, Sera. Miaka imepita na bado ukiupiga kwenye harusi wazee wanainuka. Kuna kazi ambayo wimbo mtulivu unaifanya na ugomvi hauwezi. Si kila mtu anapenda kwa makelele. Kuna ndoa, na humu tuko tuliomo, ambazo zimekaa miaka 20 kwa watu kukaa tu kibarazani jioni redio ikilia chini.


#16 Mstaafu wa Kibaigwa

Zeze, yangu ina miaka 41, redio ipo, na tunagombania stesheni.


#17 Mzabibu Mkavu

Wakuu, nimekaa siku mbili nasoma, sikutaka kuingilia. Zeze, ulichosema mwisho kimenigusa kidogo, acha niwape kilichotokea leo asubuhi, mjisomee wenyewe.

Kwanza matangazo. Chizi Bando, njoo na flashi yako kesho baada ya saa kumi, kuanzia gigabaiti 8, na usije na ile yenye virusi. Binti Mpwapwa, kuhusu Dexter kumsukuma mkewe, umenishika, nililikatisha kwa sababu nilijua litasemwa. Shangazi naye hakucheka pale. Alisema, "Huyo angerudi kwetu na shuka lake." Shemeji, shangazi anasafiri Ijumaa na basi la alfajiri, umsindikize stendi wewe maana unakumbuka kila kitu alichosema.

Sasa ya leo. Saa moja asubuhi natoka nje kunawa, nakuta shangazi amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Anaimba. Nikasikiliza, sauti naijua: True Love, ileile, pole pole, mapigo matatu matatu, kila pigo la kwanza anarusha ungo. Alisikia mara moja tu, shuka likipepea, na ameushika wote. Nikasema moyoni, Zeze kashinda, naenda kufuta uzi.

Nikasogea nisikie maneno. Kiingereza hana, kwa hiyo ameweka ya kwake, Kirangi kidogo, Kiswahili kingi. Hakukuwa na mapenzi mle. Ilikuwa habari ya chombo cha watu, kwamba chombo cha kuazima kina miguu ya kuondoka, hakina miguu ya kurudi. Anaimba uso umeelekea kwenye mchele, lakini kigoda kimewekwa ubavuni kabisa mwa ukuta wa jirani, mahali ambapo hakai mtu asubuhi kwa sababu ya jua. Jirani yuleyule aliyekuja kuangalia filamu na wanawe. Sufuria letu kubwa la ubwabwa liko kwake tangu msiba wa mwezi wa sita, na mke wangu alikuwa anaona haya kulidai.

Aliurudia wimbo mara tatu. Mara ya tatu upande wa pili redio ikazimwa.

Saa nne sufuria likaletwa na mtoto, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Shangazi kalipokea, kalifunika, kaendelea na mchele wake.